Watoto watatu, kazi moja: mwongozo kamili wa Jumamosi ya mzazi na watoto wa umri tofauti

Wazazi wengi wa Nairobi hupanga Jumamosi na watoto wao kwa moyo mkunjufu, na kufikia saa sita mchana mambo yamekwisha kuvurugika. Kitinda mimba analia, wa katikati analalamika kwamba hajapata zamu, kijana amerudi chumbani na simu yake, na mama au baba anamalizia kazi peke yake jikoni.

Mara nyingi tatizo si pesa, wala si mapenzi haba. Shughuli ilichaguliwa ikamfaa mtoto mmoja, wengine wakawa watazamaji. Au mzazi alishika kazi yote, akawarushia watoto vijisehemu visivyo na uzito. Hata mtoto wa miaka 3 hutambua kazi ya kweli na ile ya kumnyamazisha tu.

Mwongozo huu unafuata njia moja: nyote mnafanya kitu kimoja, na kila mtoto ana sehemu ambayo isipofanywa, kitu chenyewe hakikamiliki. Kuna shughuli tatu: chapati, tiara na bustani ya gunia. Chagua moja kwa siku. Mbili kwa siku moja ni njia ya uhakika ya kuwachosha wote.

## Vitu vya kuandaa

Andaa vyote Ijumaa jioni. Mzazi akianza kutafuta makasi katikati ya kazi, watoto hutawanyika, na kuwakusanya tena ni shida.

Chapati 10
- Unga wa ngano vikombe 4 (karibu gramu 500), na kikombe 1 cha kunyunyizia
- Maji vuguvugu kikombe 1 na robo (karibu mililita 300)
- Chumvi kijiko 1 cha chai
- Mafuta ya kupikia: vijiko vikubwa 3 vya kukandia, na nusu kikombe ya kupaka
- Beseni pana, kibao na kifimbo cha kusukumia, kikaango kizito, kitambaa safi na hotipoti

Tiara moja
- Njiti 4 ndefu, zilizonyooka, kutoka kwenye fagio la chelewa
- Karatasi 2 pana za gazeti kuukuu
- Unga wa ngano vijiko vikubwa 2 na maji nusu kikombe, kwa ajili ya gundi
- Uzi mwembamba ulio imara, mita 50 au zaidi, na kopo tupu la kuuzungushia
- Matambara mepesi ya mkia, rula, kalamu, makasi na selotepu kidogo

Bustani ya gunia
- Gunia 1 la kilo 50, lile lililofumwa, lisilo na matundu
- Udongo mzuri ndoo 3 za lita 20, na samadi iliyooza vizuri ndoo 1
- Kokoto au mawe madogo nusu ndoo
- Kopo la kilo 2 lililokatwa pande zote mbili, libaki bomba
- Miche 20 ya sukuma wiki na 5 ya spinachi

Kama mtaa wenu hupata maji kwa mgao, jaza mitungi mapema. Shughuli zote tatu zinatumia maji, na mikono ya watoto watatu wenye unga au udongo haioshwi kwa kikombe kimoja. Angalia gesi pia.

## Nani afanye nini

Miaka 2 hadi 4. Kumimina, kubonyeza, kukoroga, kupeleka kitu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Wengi hutulia dakika chache tu, kisha huondoka na baadaye hurudi. Mwache aende. Ukimlazimisha kukaa ndipo kilio kinapoanza.

Miaka 5 hadi 8. Kupima, kuhesabu, kupaka, kufunga mafundo. Umri huu unapenda sheria na zamu, kwa hiyo taja zamu kwa sauti kabla ya kuanza.

Miaka 9 hadi 12. Hawa ndio wanaosahaulika. Hupewa kazi za wadogo, wakachoka, kisha wakaitwa wavivu. Wape kazi inayodai usahihi: kukanda, kukata kwa vipimo, kusoma maelekezo kwa sauti huku wengine wakitenda.

Miaka 13 hadi 17. Kijana anataka mamlaka. Mpe bajeti, mpe moto, mpe uamuzi. Usimgeuze yaya wa wadogo zake, na usimkosoe mbele yao. Kama kuna neno, mvute kando.

Na wewe mzazi, mikono yako ikae nyuma. Mtoto akikosea, hesabu hadi 20 kimoyomoyo kabla ya kuingilia, isipokuwa penye moto, wembe, mafuta ya moto au barabara. Kazi ya mtoto ikimaliziwa na mtu mzima hugeuka ya mtu mzima, na mtoto huijua hivyo.

Anzeni saa tatu asubuhi, baada ya chai. Mkimaliza kabla ya saa saba, mdogo atakula na kulala kwa wakati wake, na mtakuwa mmeepuka ile hasira ya usingizi inayoharibu siku za familia nyingi.

## Shughuli ya kwanza: chapati

Hii ndiyo ya kuanza nayo. Ina hatua nyingi, kila umri unapata nafasi, na mwisho wake kuna chakula mezani.

1. Kwenda sokoni (kijana). Mpe orodha na pesa taslimu: ndengu, nyanya, vitunguu, dhania. Aende asubuhi, apatane bei mwenyewe, arudi na hesabu iliyoandikwa. Akirudi na nyanya zilizopondeka, pikeni hizo hizo. Mara ya pili atazigeuza na kuzikagua bila kuambiwa. Ndengu zilizolowekwa saa chache huiva haraka, kwa hiyo anaweza pia kununua Ijumaa.

2. Kupima unga (miaka 5 hadi 8). Achote unga kwa kijiko na kuutia kikombeni, kisha apitishe mgongo wa kisu juu ya kikombe kuusawazisha. Asiushindilie. Unga ulioshindiliwa huwa mwingi kuliko kipimo, na hapo ndipo chapati ngumu huanzia, kabla hata maji hayajaingia.

3. Chumvi na mafuta (miaka 2 hadi 4). Mdogo amimine chumvi, kisha vijiko 2 vya mafuta, na kuusugua unga kwa vidole. Atamwaga kidogo pembeni. Tandika gazeti chini mapema. Unga uko tayari ukiufinya kiganjani ukashikana kidogo, halafu ukavunjika ukiugusa.

4. Kukanda (miaka 9 hadi 12). Maji yaingie kwa awamu tatu, si yote kwa mpigo. Yawe vuguvugu, kiasi cha kuvumilika mkononi. Akande kwa kiganja, asukume mbele, akunje, azungushe, kwa dakika 10 kamili. Kijiko cha tatu cha mafuta kiingie dakika za mwisho.

Kosa kubwa liko hapa. Donge hunata vidoleni, mtoto anaogopa, mzazi anaongeza unga. Usiongeze. Donge la chapati laini lazima linate kidogo mwanzoni, na kadiri linavyokandwa ndivyo linavyoachana na mikono. Kipimo chake ni kidole: libonyeze, ukiona shimo linapanda taratibu, tosheka. Likibaki shimo, endelea kukanda.

5. Kulipumzisha, dakika 30 hadi 40. Paka donge mafuta kidogo na ulifunike. Gluteni, yaani ule utando unaofanya unga kuvutika, huwa imekaza baada ya kukandwa. Ukisukuma mara moja, chapati hujirudi ndogo kila ukiachilia kifimbo, na ikiiva huwa ngozi.

Nusu saa hii ndiyo inayovunja Jumamosi nyingi, kwa kuwa watoto wanatawanyika na simu inashika nafasi. Ipangieni kazi. Kijana apike ndengu, wa miaka 9 hadi 12 akate vitunguu kwa kisu kidogo juu ya kibao, mdogo aoshe nyanya kwenye beseni.

Na huku mikono ikifanya kazi, tegeaneni vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Wa miaka 5 hadi 8 atapambana hadi alipate yai. "Kuku wangu katagia mibani" ni nanasi, "Popoo mbili zavuka mto" ni macho. Wakishindwa, dai mji kama ada: "Nipe mji!" Mtoto akisema "Nakupa Kayole", safiri hadi Kayole kwa maneno, simulia ulichokula na uliyekutana naye, kisha utoe jibu. Safari hiyo ya kubuni ndiyo watoto hupenda kuliko jibu lenyewe, kwa hiyo usiifupishe. Kijana akitega chake cha kisasa kuhusu matatu au simu, kipokee.

6. Kugawa na kuviringisha. Kata matonge 10 yaliyolingana. Wa miaka 9 hadi 12 asukume kila tonge hadi upana wa sentimita 18 hivi, wa miaka 5 hadi 8 apake mafuta kijiko 1 cha chai kwa mgongo wa kijiko, kisha ikunjwe kuwa kamba na kuzungushwa kama konokono, ncha ikifichwa chini. Tabaka hizo za mafuta ndizo zinazoifanya chapati ichambuke. Acha zipumzike dakika 10 nyingine.

Mdogo apewe tonge lake kamili. Atalibana na kuliangusha, lakini litapikwa na atalila yeye. Tonge lake likitupwa jaani huku akitazama, umemwambia kwamba alikuwa akichezeshwa tu.

7. Kusukuma. Nyunyiza unga kidogo, sukuma kutoka katikati kwenda nje, zungusha robo, rudia. Unene wa milimita 2 hadi 3 unatosha. Iliyopinda huiva sawa na ya duara, kwa hiyo usimrekebishe mtoto umbo.

8. Kuchoma (kijana). Kikaango kiwe cha moto wa wastani: tone la maji lidunde na kukauka papo hapo. Weka chapati pakavu, subiri vipovu vitokee, karibu dakika 1. Geuza, paka mafuta, geuza tena, paka upande wa pili. Jumla ni dakika 2 hadi 3.

Moto mdogo sana huikausha chapati polepole, ikawa ngumu. Moto mkali huiunguza nje na ndani ikabaki mbichi. Ikitoka, iende moja kwa moja ndani ya hotipoti juu ya kitambaa na kufunikwa. Mvuke wake wenyewe ndio unaoilainisha.

Tahadhari. Wadogo wakae hatua mbili au zaidi kutoka jikoni, na mpini wa kikaango uelekezwe ndani, asiufikie mtoto. Kama mnatumia jiko la mkaa, lisiwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata ile baridi ya Julai ikizidi. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na huua watu usingizini.

Chapati imekubali ikiwa inakunjika mara nne bila kupasuka. Shughuli yenyewe imekubali ikiwa mezani kila mtoto anaweza kusema, bila kusaidiwa, ni nini alichofanya yeye.

## Shughuli ya pili: tiara

Tiara inafaa sana kwa familia yenye mtoto wa miaka 9 hadi 12, kwa sababu hapa yeye ndiye fundi. Zamani watoto walitengeneza kwa majuala. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo tunatumia gazeti, na kwa kweli gazeti hukunjika na kushika gundi vizuri zaidi.

Chagua siku kavu. Januari na Februari, au likizo ya Agosti, ni salama kuliko miezi ya masika ya Machi hadi Mei.

1. Panga njiti mbili mbili. Chelewa ni nene upande wa shina na nyembamba nchani. Ukitumia moja peke yake, tiara huwa nzito upande mmoja na huzunguka hewani hadi ianguke. Lazeni njiti mbili pamoja, shina la moja kwenye ncha ya nyingine, na mzifunge kwa uzi kila baada ya sentimita 10. Tengenezeni jozi moja ya sentimita 50 (uti wa mgongo) na nyingine ya sentimita 40 (mabawa). Katika utengenezaji wote hakuna hatua inayopuuzwa kama hii.

2. Funga msalaba. Pima sentimita 13 kutoka kichwa cha uti na ufunge mabawa hapo, katikati yake kabisa, kwa uzi wa kupishana mara kadhaa. Ning'iniza kiunzi kwa ncha ya kichwa. Bawa moja likilala chini, punguza upande huo kwa wembe. Wembe ni wa mzazi au kijana.

3. Zungusha uzi. Uzi upite kwenye ncha zote nne na kukazwa, lakini usizipinde njiti. Kata pengo dogo kila ncha ili uzi usiteleze.

4. Pika gundi (kijana). Koroga unga kwenye maji baridi kwanza usifanye mabonge, kisha weka moto mdogo na uendelee kukoroga hadi uwe mzito na uanze kung'aa. Upoe. Gundi hii ni unga mtupu, kwa hiyo mdogo anaweza kuipaka kwa vidole bila hofu, na hiyo ndiyo kazi yake.

5. Funika kwa karatasi. Unganisha karatasi mbili za gazeti, ziingiliane sentimita 2. Laza kiunzi juu, chora, kata ukiacha ukingo wa sentimita 2 kuzunguka. Paka gundi ukingoni, ukunje juu ya uzi. Wa miaka 5 hadi 8 akunje upande mmoja mmoja. Gundi iwe nyembamba. Ikiwa nyingi hulowesha karatasi, na tiara huwa nzito. Anika saa moja, au zaidi siku ya mawingu. Watoto watataka kuirusha ikiwa mbichi. Usikubali, itapasuka.

6. Funga uzi wa hatamu. Kata uzi, na uufunge ili kati ya fundo la kichwani na fundo la mkiani kwenye uti kubaki uzi wa sentimita 65, uliolegea. Upite upande wa karatasi, na selotepu kidogo iwekwe kwenye matundu karatasi isichanike. Piga kitanzi sentimita 22 kutoka upande wa kichwa. Uzi mrefu utafungwa hapo.

7. Mkia (wadogo). Mkia wa mita 2.5, yaani mara tano ya urefu wa tiara, wenye matambara membamba kila sentimita 20. Mdogo achague rangi, wa miaka 5 hadi 8 afunge mafundo.

8. Kurusha. Tafuteni uwanja mpana usio na nyaya: uwanja wa shule kwa ruhusa, au uwanja wa mtaa. Upepo unafaa ukiona majani na vijitawi vinatikisika mfululizo. Vumbi likiruka na matawi yakiyumba, upepo ni mkali mno kwa karatasi.

Mshika uzi aupe upepo mgongo. Mwingine asimame mita 15 mbele yake, upande ambako upepo unaelekea, ainue tiara kichwa kikiwa juu, na aiachilie upepo ukija. Mshika uzi avute kidogo, alegeze, avute. Kukimbia hakusaidii sana, na ndiko kunakowaangusha watoto.

Ikisumbua, soma dalili:

- Inazunguka zunguka: ongeza mkia nusu mita, kisha kagua uwiano wa mabawa.
- Inavuta kwa nguvu lakini haipandi: sogeza kitanzi sentimita 1 kuelekea kichwa.
- Inapapatika na kuruka huku na huku: rudisha kitanzi sentimita 1 kuelekea mkia.
- Inapanda kidogo na kushuka taratibu: mkia ni mzito au upepo ni hafifu. Kata mkia kidogo kidogo.

Tahadhari. Usitumie waya wala uzi uliolowa. Tiara ikinasa kwenye nyaya za umeme, achaneni nayo. Hakuna fito, hakuna kupanda nguzo. Msirushe mawingu ya mvua na radi yakianza kujikusanya, wala karibu na viwanja vya ndege, na kwa Nairobi hiyo ni pamoja na maeneo yanayopakana na Wilson, Jomo Kenyatta na kambi ya jeshi la anga ya Eastleigh.

## Shughuli ya tatu: bustani ya gunia

Chapati huisha jioni ile ile. Gunia huwapa dakika 10 za pamoja kila siku kwa miezi, na kwa mzazi anayerudi nyumbani saa mbili usiku baada ya foleni ya Thika Road, au anayeondoka kabla watoto hawajaamka, hizo ni dakika za thamani. Anaweza kuchagua asubuhi au jioni.

1. Mahali. Pawe na jua saa 5 au zaidi kwa siku. Gunia lililojaa na kulowa hupita kilo 80, kwa hiyo lisiwekwe kwenye roshani ya ghorofa. Wanaoishi ghorofani watumie ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, miche 2 au 3 kwa kila ndoo.

2. Kuchanganya. Udongo ndoo 3 kwa samadi ndoo 1. Samadi mbichi huunguza mizizi; iliyooza hainuki vibaya na huvunjika mkononi. Wa chini ya miaka 4 asiishike, na wengine wote waoshe mikono kwa sabuni.

3. Kujaza. Kunja mdomo wa gunia nje. Simamisha kopo katikati, lijaze kokoto, zungushia udongo pande zote hadi usawa wa kopo, kisha vuta kopo juu na urudie. Mwishoni mtakuwa na nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Bila nguzo hiyo maji huishia juu, na miche ya chini hukauka. Kijana avute kopo, wa miaka 5 hadi 8 ahesabu na kutia kokoto.

4. Kulowesha. Mwagieni maji hadi yatokeze chini, acheni siku moja au mbili udongo ukae. Ongezeni udongo uliozama.

5. Kupanda jioni. Toboa matundu ya upana wa kidole gumba, safu 4 za matundu 5, yapishane. Sukuma mizizi ndani ikielekea chini, kisha bana udongo. Spinachi ikae juu. Jua la mchana huua miche iliyotoka kuhamishwa, ndiyo sababu ya kusubiri jioni. Mpe kila mtoto safu yake na kibandiko chenye jina.

6. Kutunza. Lita 5 kwa siku, nyingi zikipitia kwenye kokoto. Maji ya kuoshea mchele yanafaa, ya sabuni hapana. Mdogo ana kikombe chake na huwa hasahau. Vidukari wakionekana chini ya majani, wapanguseni kwa kitambaa kilicholowa maji, majani yote pande mbili.

Baada ya wiki 4 hadi 6 chumeni majani ya chini, mkiacha 4 au 5 ya juu kwenye kila mche. Mche ukichumwa hadi juu hudumaa. Mtoto ambaye safu yake imekauka asisemwe. Mpatie miche mipya na muulizane maji yalipita wapi.

## Mkitoka nje

Karura, Arboretum na City Park zinatosha kwa nusu siku, na Makumbusho ya Taifa yanafaa siku ya mvua. Hakikisha viingilio na njia ya kulipia kabla ya kutoka, kwa kuwa hubadilika. Bebeni chupa za maji zinazotumika tena: tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja hazikubaliwi kwenye misitu na mbuga zinazolindwa.

Kijana ashike nauli na kuchagua matatu. Wa miaka 9 hadi 12 aongoze njia kwa ramani iliyo langoni. Msiwape tumbili chakula, hata wakikaribia. Hujifunza kunyang'anya, na wanaumizwa watoto wadogo kwanza. Saa 3 zinatosha. Rudini mdogo akiwa bado anacheka.

## Mambo yakienda mrama

Kijana hataki kabisa. Usimhubirie. Mwombe kitu kimoja anachokiweza kuliko wewe, kwa mfano kuchoma chapati au kusoma upepo, na umwambie kazi yake itachukua muda gani. Akimaliza akaondoka, sawa. Mara nyingi hubaki.

Wanagombana. Karibu kila mara chanzo ni kifaa kimoja kwa watu wawili. Makasi yakiwa mamoja, mmoja akate na mwingine ashike karatasi, wakibadilishana baada ya kila ukingo. Usigawe lawama, gawa zamu.

Simu. Zote ziwekwe mahali pamoja, ya mzazi ikiwa ya kwanza. Kama unasubiri simu ya kazi, waambie watoto mapema na uipokee nje ya chumba.

Mmoja ameharibu. Unga umemwagika, tiara imechanika. Mpe yeye kazi ya kurekebisha pamoja nawe: gundi bado ipo, unga wa akiba upo.

Wanataka kurudia ile ile kila wiki. Rudieni, ila wabadilishane kazi pale umri unaporuhusu: aliyepima wiki hii apake mafuta wiki ijayo, aliyekanda ajaribu kuchoma ukiwa kando yake. Kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu ya soko, andikeni majina ya watoto kwa mpangilio. Jina la juu ndilo lenye haki ya kuchagua shughuli ya Jumamosi ijayo, kisha linashuka chini ya orodha.